Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kulipa

Hotuba kwa wazazi na wenye magari ya familia, iliyotolewa katika mkutano wa polisi na jamii kabla ya msimu wa sikukuu



Huenda wako miongoni mwenu waliotarajia kwamba leo tungezungumza juu ya wizi, au juu ya kasi na ulevi barabarani. Hayo tumeyasema, na tutaendelea kuyasema. Leo tumechagua jambo dogo kwa umbo lakini zito kwa matokeo: namna ya kuchagua matairi mapya ya gari la familia, hasa yale magari marefu kidogo ambayo wengi wetu tunayapenda kwa sababu hubeba watoto, mizigo na ndizi, na hayashindwi na njia ya kijijini.

Mtu anaweza kuuliza: polisi na biashara ya matairi wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Tairi linapopasuka barabarani na gari likapinduka, sisi ndio tunaofika kupima alama zilizobaki kwenye lami. Sisi ndio tunaotafuta simu ya marehemu ili tujue ndugu zake ni nani. Na sisi ndio tunaokwenda kubisha hodi nyumbani kwao. Katika kazi zote za askari, hakuna iliyo nzito kuliko kubisha hodi hiyo. Kwa hiyo tunaona ni afadhali tuje kwenu mapema, watu wakiwa hai na magari yakiwa mazima.

Kwanza tukumbushane jinsi gari linavyoshika ardhi. Gari la familia likiwa limejaa linaweza kuwa na uzito wa kilo 2,000. Uzito wote huo hugusa lami mahali panne tu, na kila mahali eneo lake linakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki, hata ziwe mpya namna gani, kazi yake ni kuzuia magurudumu yasizunguke. Anayelisimamisha gari ni tairi likisuguana na barabara. Usukani nao hugeuza magurudumu tu. Anayeligeuza gari ni tairi. Basi baba, mama na watoto wao watatu wanaosafiri kutoka Kampala kwenda Masaka, Mbarara hadi Kabale, wanasafiri juu ya viganja vinne vya mpira. Mtu mwenye kufahamu hivyo hawezi tena kuliona tairi kama kitu cha kununua kwa haraka kwa pesa zilizobaki baada ya mengine yote.

Tuyatazame sasa magari tuliyo nayo. Mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2018 ili kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini gari la miaka 10 bado huingia, na huingia na matairi liliyokuja nayo. Mnunuzi hutazama rangi, viti, redio na injini. Ni wachache wanaoinama kuangalia matairi, na hata wanaoinama, wengi huangalia meno tu. Wakiyaona bado marefu, hufurahi na kusema, “Haya yatanifikisha miaka miwili.” Kumbe meno marefu si ushahidi wa kutosha. Tairi lina ushahidi mwingine, nao umeandikwa ubavuni mwake kwa herufi na tarakimu. Hilo ndilo neno kuu la hotuba yetu: ubavu wa tairi husomwa kabla ya kulipa.

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana na kila mtu hapa, Toyota RAV4 ya kizazi kilichoanza kuuzwa miaka ya 2005 na 2006. Nyingi katika hizo hutumia tairi lililoandikwa 225/65R17, na kando yake huwa na maandishi kama 102H. Tuyasome pamoja.

Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu wake, uliohesabiwa kama asilimia ya upana huo. Herufi R yaeleza kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mtindo unaotumiwa na karibu magari yote madogo ya siku hizi. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vipimo sahihi vya gari lako utavikuta kwenye kibandiko kilichobandikwa katika fremu ya mlango wa dereva, na pia katika kitabu cha gari. Usikubali kuambiwa na muuzaji kwamba “hili nalo litaingia.” Kuingia na kufaa ni mambo mawili. Tairi pana au refu kupita kiasi huweza kusugua bodi gari linapokata kona likiwa na mzigo. Tena, tairi kubwa kuliko lililopangwa huudanganya mshale wa mwendo: gari huenda kasi kuliko dereva anavyosoma. Kamera yetu ya barabarani haitasoma mshale wako. Itasoma mwendo wa gari.

Namba 102 ni kiwango cha uzito. Si kilo 102; ni namba ya orodha inayotumika duniani kote, na 102 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 850. Namba 100 ni kilo 800, 95 ni kilo 690, na 91 ni kilo 615. Hapa ndipo wengi hupotoka kwa sababu ya bei. Fundi humletea mteja tairi la rimu ileile lakini lililotengenezewa gari dogo la mjini, lenye namba 91, kwa kuwa ni la bei nafuu. Mteja hupiga hesabu: kilo 615 mara nne ni 2,460, na gari langu na watu wake ni kilo 2,000, basi yatosha. Hesabu hiyo ni sawa kwenye karatasi na si salama barabarani. Gari lenyewe ni kilo 1,500 hivi. Wazazi wawili na watoto watatu, tuseme kilo 250. Mabegi na zawadi za bibi, kilo 150. Wakati wa kurudi kuna mikungu ya matoke, viazi na magunia madogo, kilo 100 nyingine. Mzigo huo haugawanyiki sawasawa, maana sehemu kubwa hukaa nyuma, na gari linapokata kona au kuingia shimoni tairi moja hubeba sehemu kubwa zaidi ya fungu lake. Zaidi ya hayo, kilo zilizoandikwa ni za tairi lenye upepo wa kutosha. Upepo ukipungua, uwezo hupungua pia. Kwa hiyo kanuni ni moja: kiwango cha uzito cha tairi jipya kisiwe chini ya kile kilichopangwa na mtengenezaji wa gari.

Herufi H ni kiwango cha mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Tunajua hakuna barabara yetu inayoruhusu mwendo huo, wala hatumshauri mtu aujaribu. Lakini herufi hiyo yaeleza pia jinsi tairi lilivyojengwa kustahimili joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi katika safari ndefu ya mchana. Usishuke chini ya herufi iliyopangwa.

Sasa tufike kwenye tarehe, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayofichwa zaidi. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha ufuate mstari wake mpaka mwisho. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 3121, tairi lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2021. Ukiona 1416, ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake si barabarani. Mara nyingine tarehe huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Basi mwombe muuzaji aligeuze. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu mpira huzeeka hata kama hautembei. Jua na hewa huukausha, nao hupoteza unyumbufu, hupasuka mipasuko midogo kama udongo wa kiangazi, na tabaka zake za ndani hulegea. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi hutaja miaka 10 kuwa mwisho hata kama meno bado yapo. Tairi lililolala ghalani miaka saba, likapakwa dawa nyeusi likang'aa, huuzwa kwa jina la tairi jipya. Kung'aa kwake kusikudanganye. Tarehe haipakwi rangi.

Liko jambo jingine linaloyahusu magari kutoka Japani. Huko kuna majimbo yenye theluji, na magari mengi ya huko huvaa matairi ya majira ya baridi. Baadhi huletwa kwetu yakiwa nayo. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na meno yenye mikato mingi myembamba. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Juu ya lami yetu yenye joto, mpira huo hulika upesi, huyumba kwenye kona, na gari huchelewa kusimama. Ukinunua gari la namna hiyo, hesabu bei ya matairi mapya kuwa sehemu ya bei ya gari.

Tukishajua kusoma, tuchague aina. Ziko aina tatu kubwa za matairi ya magari haya. La kwanza ni la lami, lililotulia, lisilo na kelele, linalosimama vizuri kwenye maji. La pili ni la njia zote, lenye meno makubwa kidogo na ubavu mgumu zaidi, linalofaa kwa anayeiacha lami mara kwa mara na kuingia murramu yenye mawe. La tatu ni la matope, lenye meno makubwa yaliyoachana. Vijana wengi hulipenda hili la tatu kwa sura yake. Ndugu zetu, kama gari lako siku sita kwa wiki hupeleka watoto shuleni na kwenda kazini kwenye lami, tairi la matope litakupa kelele, litakula mafuta, na wakati wa mvua litakuchelewesha kusimama. Jiulize gari lako linakwenda wapi siku nyingi za mwaka, wala si linakwenda wapi siku moja ya harusi kijijini.

Tuseme pia juu ya matairi yaliyotumika. Tunajua maisha ni magumu na ada za shule hazingoji. Hatuko hapa kumdharau mtu kwa sababu ya mfuko wake. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tairi lililotumika lina historia usiyoijua: labda lilitembea bila upepo, labda liligonga ukingo wa barabara na nyuzi zake zikakatika ndani. Ukiona uvimbe ubavuni, liache. Ukiona mipasuko, liache. Ukiona kiraka ubavuni, liache, kwani ubavu hauzibwi ukapona. Na kipo kitendo kibaya zaidi: tairi kipara kuchongwa upya kwa kisu cha moto ili lionekane kuwa na meno. Anayefanya hivyo kwa tairi la gari dogo huukata mpira wa mwisho uliobaki juu ya nyuzi. Ili kumtambua, tafuta vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya tairi. Vituta hivyo vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakilika mpaka yakalingana navyo, tairi limekwisha. Kwenye tairi lililochongwa, vituta hivyo hukatwa au mifereji huwa na kina kisicho sawa.

Msingoje lakini mpaka milimita 1.6. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi. Tairi jipya huwa na mifereji ya milimita 8 hivi. Kadiri inavyopungua, maji hubaki chini na gari huanza kuelea. Katika mvua zetu kubwa, pale maji yanapotandaa juu ya lami, dereva hugeuza usukani na gari lisimsikie. Mwenye busara hubadilisha yakibaki milimita 3.

Sasa swali tunaloulizwa sana: nikiwa na pesa za matairi mawili tu, niyafunge wapi? Karibu kila mtu husema mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Sisi twasema nyuma, na watengenezaji wa matairi husema hivyohivyo. Sababu ni hii. Matairi ya mbele yakiteleza, gari huenda mbele moja kwa moja, na dereva huhisi usukani ukiwa mwepesi. Akipunguza mwendo, mara nyingi hulirudisha. Matairi ya nyuma yakiteleza, nyuma ya gari huzunguka ikaja mbele, na ni madereva wachache sana wanaoweza kulizuia. Kwa hiyo mazuri zaidi yakae nyuma, na mawili ya ekseli moja yafanane kwa ukubwa, aina na uchakavu.

Kwa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, tahadhari iongezwe. Tairi jipya ni refu kidogo kuliko lililolika, nalo huzunguka mara chache zaidi katika umbali uleule. Ukichanganya moja jipya na matatu yaliyochakaa, difu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na hatimaye huharibika. Bei ya difu hupita bei ya matairi. Kwa magari hayo, panga kununua manne pamoja, na ukihitaji muda wa kukusanya pesa, anza kuweka akiba matairi yakiwa bado na nusu ya meno. Na kama pesa hazijatosha na sikukuu zimefika, tunawaomba kwa heshima: liacheni gari nyumbani, mpande basi. Bibi atafurahi vilevile.

Baada ya kununua, hakikisha tairi limefungwa na valvu mpya, limefanyiwa balansi, na gari limepimwa alaimenti. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kile kibandiko cha mlangoni. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kwa maneno MAX PRESS ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Pima upepo walau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, asubuhi, matairi yakiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Kujikunja huzaa joto, joto huachanisha tabaka, na hapo ndipo tairi hupasuka kwa mlio kama wa bunduki. Wengi husema, “Tairi lilipasuka ghafla.” Mara nyingi lilikuwa likijiandaa kwa wiki kadhaa. Msilisahau tairi la akiba. Nalo lina tarehe na lahitaji upepo. Likiwa lile jembamba la muda, mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, nalo ni la kukufikisha kwa fundi tu.

Na likipasuka ukiwa mwendoni, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, lielekeze gari moja kwa moja, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, uliache lijipunguze lenyewe, kisha ulitoe barabarani. Weka pembetatu za kuakisi, na watoto wasimame mbali na barabara.

Ndugu wananchi, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 yatupa mamlaka ya kulizuia gari lenye ubovu wa hatari, na tairi kipara ni ubovu wa hatari. Msimu huu mtatukuta vizuizini tukiinama kutazama matairi yenu. Askari akikuonyesha kituta kilicholingana na meno, tunakuomba usimwone kama mtu anayetafuta kosa. Mwulize akuonyeshe, utazame kwa macho yako. Nanyi wafanyabiashara, liandikeni jina la tairi, kipimo chake na tarehe yake kwenye risiti. Nanyi mafundi, mteja akileta tairi lisilofaa, mwambieni ukweli hata kama mtakosa kazi ya siku hiyo. Anayejua tairi limechongwa akalifunga kwenye gari la watoto, amelishiriki lile litakalotokea.

Kabla hamjaondoka leo, tunaomba jambo moja. Magari yenu yako hapo nje. Kila mmoja ainame kwenye gari lake, atafute zile tarakimu nne, kisha vile vituta ndani ya mifereji. Askari wetu wako hapo na vipimo vya upepo na vya meno. Watawasaidia bila malipo na bila kumwandikia mtu faini leo. Atakayekuta tairi lake limezeeka au limekwisha, ajue amelikuta mahali pazuri, gari likiwa limesimama na familia yake ikiwa salama.